Mistari Minane Kando ya Kijito

Wengine mapenzi yao huyaona kwenye picha za harusi. Mimi yangu niliyaona kwenye jeli, chini ya mwanga wa zambarau, saa nne asubuhi, nimevaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Na yalikuwa yameharibu kitu. Nilikaa kwenye kile kiti cha maabara kinachozunguka, nikajizungusha polepole mzunguko mmoja mzima, kisha nikarudi kutazama tena. Hakuna kilichobadilika.

Ngoja kwanza nieleze kazi yangu, maana hata Shangazi aliyenilea bado anawaambia majirani kwamba napima damu. Jamani, sipimi damu. Napima mbegu. Mkulima wa mbegu chotara hupanda mahindi ya aina mbili, mistari minne ya mama na mmoja wa baba, minne ya mama na mmoja wa baba, mpaka mwisho wa shamba. Mbegu inayotakiwa ni ile ambayo mama ameizaa na baba wa mstari wa jirani. Sasa mahindi hayana aibu. Kila mmea una ua la kiume kileleni, mbelewele, na mama akiachiwa la kwake atajimwagia unga wake wa njano na kujizalia mwenyewe. Kwa hiyo mbelewele za mama hukatwa zote kabla hazijafunguka, asubuhi na alasiri, siku nane mfululizo. Baadaye mbegu huletwa kwetu. Naziotesha kwenye karatasi iliyolowa, nakata kipande cha jani la kila mche, natoa vinasaba vyake, navipitisha kwenye jeli kwa umeme. Mtoto wa wazazi wawili hutoka na michirizi miwili inayong'aa, mmoja wa mama, mmoja wa baba. Mtoto ambaye mama kajizalia peke yake hutoka na mmoja. Ukishauona umeuona, hakuna ubishi.

Asubuhi ile nilikuwa nimepima miche mia ya bahasha namba tatu. Kumi na mmoja ilikuwa na mchirizi mmoja. Kipimo chetu kinavumilia mitatu tu.

Bahasha hupewa namba mapokezini, kisha hutufikia bila jina la mwenye shamba, ili mpimaji asijue anampima nani. Ni utaratibu mzuri na ninauheshimu. Ila mchirizi ule wa mama, uliokaa juu kidogo kuliko wa aina nyingine zote, ningeutambua hata nikiwa na homa. Aina ile ililimwa na mtu mmoja tu kati ya wote waliotuletea mbegu. Watu walimwita Mama Mbegu, mjane mwenye mashamba matatu na mtoto mmoja wa kiume. Na mtoto huyo ndiye niliyempenda mpaka pikipiki yoyote ikipita nje nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena, mpaka wenzangu wakachoka kunicheka.

Alipokuja maabara mara ya kwanza alikuwa na bahasha tatu, mbili mikononi na moja ameing'ata kwa meno. Alinisalimu kwa kichwa. Mimi nilikuwa na glavu, sikuweza kumpa mkono. Tulisimama pale tukitazamana, yeye hawezi kusema, mimi siwezi kumgusa. Tangu siku hiyo nikamwita Bahasha, naye akaniita Glavu, na majina yetu halisi tukawaachia watu wa ofisini.

Mama yake alikuwa ameshatoa neno lake. Alilitoa mbele yangu, sebuleni kwake, mahindi yakiwa yanakauka shambani, siku Bahasha aliponipeleka kunitambulisha.

"Huyu ndiye?" aliuliza, akinipima kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Ndiye, Mama."

"Mzuri. Na hapo ndipo tatizo lilipo."

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Akaniwekea kikombe cha chai mkononi kwa upole kabisa, kisha akaendelea.

"Binti, sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na huyu. Tangu akujue, namwita mara tatu ndipo aitike. Anatabasamu na ukuta. Shamba la mbegu halitaki mtu anayetabasamu na ukuta. Mwanamke wa kumtoa mwanangu shambani msimu wa mbelewele simtaki hapa, hata awe malaika. Basi nakuambia wazi. Mbegu za msimu huu zikipita, nitakwenda mwenyewe kwa shangazi yako kubisha hodi. Zisipopita, tutajua nini kilimshughulisha."

Bahasha alinitazama. Nami nikamtazama, kisha wote tukatazama sakafu. Mama Mbegu alidhani ni haya.

Haikuwa haya. Ilikuwa siku ya sita.

Siku ya sita ya kukata mbelewele, nilimpigia simu saa sita mchana. Nilikuwa na mapumziko ya alasiri moja tu kabla ya kuanza zamu ya wiki mbili. Alisema hawezi. Nikanyamaza. Nilijua kunyamaza kwangu kunamfanya nini.

"Basi njoo kijitoni, mwisho wa shamba," alisema. "Nikuone dakika kumi tu, nirudi kazini."

Alitokea katikati ya mahindi, mrefu, shati limemganda mgongoni, nyusi zake za njano kwa ule unga. Nilimpulizia usoni. Akafumba macho na kusema, "Taratibu, hiyo ni mali ya Mama." Tulivua viatu, tukatia miguu majini. Maji yalikuwa baridi na mepesi, yalipita katikati ya vidole vyetu bila haraka yoyote. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliniuliza kama vinasaba vina rangi. Nilimwambia havina, sisi ndio tunavitia rangi ili tuvione. Akasema basi hata mapenzi ni hivyo hivyo, nikamwambia aache maneno ya wimbo, akacheka mpaka ndege wakaruka.

Kisha akalaza kichwa chake mapajani mwangu. Alikuwa hajalala vizuri siku sita.

"Nikisinzia niamshe saa tisa," alisema, macho yameshafumba. "Ile mistari minane hapo nyuma sijaipitia alasiri hii. Usisahau, Glavu. Saa tisa."

"Saa tisa," nilimwitikia.

Na akalala. Mungu wangu, jinsi alivyolala! Mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umeshika pindo la gauni langu kama mtu anayeogopa kuachwa kituoni. Kivuli cha majani kilimpita usoni, kikarudi. Nilimhesabu kope. Nilimtazama mpaka nikajisikia na mimi naota, naota nina nyumba, na huyu kalala ndani yake, na hakuna mtu wa kumwita. Saa yangu ya mkononi ilifika tisa. Niliiona. Nikasema moyoni, dakika tano tu. Saa ikafika kumi. Upepo ulianza kuvuma kutoka kwenye ile mistari minane, ukaja na harufu tamu ya mahindi, na juu ya mkono wangu nikaona vumbi jembamba la njano. Ni mimi ambaye nimesomea vumbi hilo. Nililifuta kwa kidole, nikaendelea kumtazama.

Alipozinduka ilikuwa saa kumi na moja, wakataji wameshaondoka.

"Hukuniamsha!"

"Usingizi ulinipitia na mimi," nilisema.

Uongo ule ulinitoka mdomoni laini kabisa. Alinibusu kwenye paji la uso, akasema sote ni wazembe, akakimbia. Kesho yake alfajiri alizikata mbelewele za ile mistari, ila zilikuwa zimeshafunguka. Alijipa moyo kwamba hakuna kitu. Nami nikajipa moyo, mpaka asubuhi ile ya jeli.

Sasa mnaelewa kwa nini nilizunguka na kiti.

Nilifanya nililopaswa kufanya. Nilimwendea Mkuu wa maabara, mama mmoja mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, nikamwambia mwenye bahasha namba tatu namfahamu, tena namfahamu kuliko inavyofaa. Hakuniuliza zaidi. Alivaa glavu zake, akachukua mbegu nyingine mia, akaotesha mwenyewe, akapima mwenyewe. Kwake ilitoka kumi na miwili.

"Bahasha ya kwanza na ya pili ni safi kabisa," aliniambia. "Ya tatu haipiti. Utaandika wewe au niandike mimi?"

"Nitaandika mimi."

Bahasha alikuja kesho yake mchana, kabla ripoti haijatoka. Tulikaa kwenye benchi la nje, lile la kusubiria, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja. Nilikuwa nimemkosa wiki mbili nzima. Nilitaka kunusa shati lake tu, basi.

"Umekonda," alisema.

"Acha wewe. Sijakonda."

"Umekonda, na hunitazami." Akatazama mlango wa maabara. "Ni ya kijitoni, sivyo?"

Sikutakiwa kumjibu. Lakini alikuwa ananisoma usoni tangu zamani, sikuwa na pa kuuficha. Akaegemeza kichwa ukutani.

"Imekosa sana?"

"Imekosa vya kutosha."

"Miche mia ni michache, Glavu. Chagua mia nyingine."

"Tumechagua. Ilizidi."

"Chagua tena. Gunia ni kubwa, hazikosekani mia nzuri humo."

Nilimgeukia. "Unasikia unachoniambia? Nichambue mpaka nipate zinazonifurahisha?"

"Nakuambia Mama amesema nini. Ulikuwepo, ulisikia. Unachokwenda kuandika humo si mbegu tu. Ni sisi."

"Na atakayepanda gunia lile? Atapalilia, ataweka mbolea, atangoja miezi, kisha mmea mmoja katika tisa utamzalia gunzi kibogoyo. Nimwambie nini? Nilikuwa nataka kuolewa?"

"Mwambie unavyotaka!" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Wewe jeli yako unaipenda kuliko mimi."

Kofi lingeniuma kidogo kuliko maneno yale. Machozi yalinijaa, nikayameza. Naye aliona, akafungua mdomo kuyarudisha maneno yake, lakini neno likishatoka limetoka. Alisimama, akatembea mpaka kwenye pikipiki yake, akarudi hatua mbili.

"Samahani," alisema. "Siyo kweli. Ila sina kingine cha kusema." Na akaondoka. Nilibaki nasikiliza mlio wa pikipiki mpaka ukachanganyika na milio mingine yote ya mtaani.

Nyumbani nilimkuta Shangazi kwenye cherehani. Alikuwa anashona mapazia mapya, ya kijani yenye maua meupe. Hatukuwa na shida ya mapazia. Aliyashona kwa ajili ya mgeni wake anayetarajiwa, na kila jioni aliongeza pazia moja, mpaka nilianza kuogopa tutafunika na kuta.

Nilimsimulia yote. Nilimsimulia hata saa tisa, hata vumbi la njano mkononi. Alisimamisha cherehani.

"Bahasha anajua kwamba ulimwacha alale makusudi?"

"Hajui. Anajua sote tulilala."

"Na mama yake anajua mlikuwa kijitoni?"

"Hajui lolote."

"Basi sikiliza, mwanangu. Ripoti ni kazi yako, andika ilivyo, hakuna wa kukulaumu. Lakini hilo la usingizi nani amekuuliza? Hukuulizwa. Mtu asiyeulizwa hajadanganya."

"Shangazi..."

"Mimi nimekulea tangu una meno manne. Sikukulea ili ujichongee mwenyewe. Nyamaza. Huyo mama akimpata mwingine wa kumlaumu, ampate."

Nilikwenda kulala na maneno yale. Yalikuwa matamu, nisiwadanganye. Niliyashika kama mtoto anavyoshika peremende usiku kucha ndani ya ngumi. Niliota nipo kijitoni, na kila nikitazama saa, mishale ipo, namba hazimo. Asubuhi niliandika ripoti, nikatia sahihi, ikaenda.

Mama Mbegu alikuja siku ya tatu. Kila mwenye mbegu zilizokataliwa ana haki ya kuona picha ya jeli kwa macho yake. Aliingia na viatu vya shamba vilivyofutwa vikang'aa, na nyuma yake Bahasha, ambaye macho yake yalinitafuta kwanza kabla hayajatafuta kiti. Mkuu aliketi pembeni na makaratasi yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Niliiweka picha kwenye meza yenye taa ya chini. Alivaa miwani, akainama, akaanza kupita na kidole mche kwa mche, kama anavyopita mistari shambani.

"Hawa wenye miwili?"

"Hao wametimia. Mama na baba."

"Na huyu wa mmoja?"

"Hapo mama amejizalia mwenyewe. Baba hayumo."

Alimtazama yule wa mmoja kwa muda. "Nimelea mmoja wa hivyo tangu baba yake afariki," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Sikujua mnaweza kuwaona kwa taa."

Mkuu alikohoa kuficha kicheko. Hata mimi pumzi ilinirudi kidogo. Mama Mbegu akamaliza kuhesabu, akavua miwani.

"Kumi na mmoja. Ni haki. Sibishi. Haya ni ya ile mistari minane ya kijitoni, najua, upepo wa kule nao ni wake peke yake. Na mwenye kosa nimeshampata." Akashusha pumzi. "Msimamizi wangu wa wakataji. Yuko nami misimu kumi na tisa. Naona macho yamemwisha. Jana nimemwambia msimu ujao asije. Alilia, nami nikalia, tukaagana."

Nilimtazama Bahasha. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Jana, Mama? Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe kama nani? Ulikuwa na huzuni zako." Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitabasamu, tabasamu lilelile la mwanawe, ila lenye mikunjo. "Na wewe binti, nimekuona. Mwingine angenifichia ili anifurahishe. Wewe umeandika. Mashamba mawili yamepita, na la tatu si kosa la mwanangu wala lako. Kwa hiyo neno langu liko palepale. Ijumaa nitakuja kwa shangazi yako."

Jamani. Nililolilia mwaka mzima liliwekwa mbele yangu mezani, limeiva, limemenywa. Niliyaona mapazia ya kijani yakipepea. Nilimwona Bahasha amelala katika nyumba yetu. Kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kusema asante, Mama. Na mahali fulani, mtu wa misimu kumi na tisa alikuwa amekaa nyumbani kwake akiyalaumu macho yake.

"Mama," nilisema.

"Mama," Bahasha naye akasema, wakati uleule.

Alitutazama mmoja mmoja. "Semeni. Mnaimba kwaya?"

Bahasha alinitangulia. "Msimamizi hana kosa. Ni mimi. Siku ya sita niliwaambia wakataji mistari ile nitaipitia mwenyewe alasiri. Sikuipitia. Nilikuwa kijitoni na Glavu, nikalala. Usingizi ulitupitia sote wawili."

"Haukutupitia sote," nilisema.

Aligeuka.

"Mimi sikulala," nikasema. "Alinipa saa, Mama. Aliniambia nimwamshe saa tisa kwa sababu ya ile mistari. Nilikuwa nimekaa, naitazama saa. Ikapita tisa, ikapita kumi. Upepo ulipoanza niliuona ule unga mkononi mwangu, na nikajua ni nini. Nilimwacha alale. Kisha nikamdanganya kwamba na mimi nililala."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Mbegu. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

Nilitafuta sababu ya maana ya kumpa.

"Nilikuwa namtazama," nilisema. "Basi."

Mashine ya barafu ilinguruma, ikatulia. Mkuu aliacha kujifanya anasoma makaratasi. Bahasha alikuwa amesimama katikati ya chumba, na sikuthubutu kuinua macho yangu zaidi ya kifungo cha shati lake.

"Ijumaa umeisikia?" Mama Mbegu aliniuliza.

"Nimeisikia, Mama."

"Na ukaona ndiyo saa ya kusema."

"Msimamizi hajakosea, Mama. Hayo macho yake ni mazima."

Alikunja miwani yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe. Chukua pikipiki, nenda kwa msimamizi sasa hivi. Piga magoti, mwambie ulichoniambia. Na umwambie mimi nakuja jioni, nina magoti yangu na mimi ya kupiga."

Bahasha hakusogea. Alikuwa ananitazama. Alikuja mpaka karibu yangu, karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kile kilikuwa kidogo na wote walisikia.

"Saa mbili nzima ulikuwa unanitazama?"

"Na zaidi kidogo."

"Nilikuwa nakoroma?"

"Sana."

Midomo yake ilitetemeka, sikujua ni kicheko au ni kilio. Nadhani hata yeye hakujua. Kwa ncha ya kidole aligusa mkono wangu, pale kwenye kifundo ambapo glavu huishia, akatoka. Moyo wangu ulitoka naye mpaka mlangoni, ukarudi kumsubiri mama yake.

"Ijumaa siji," alisema Mama Mbegu.

"Nimeelewa, Mama."

"Hujaelewa. Kaa."

Nilikaa. Aliichukua ile picha ya jeli, akaitazama kama hayupo pale.

"Baba yake alikuwa mtu wa usingizi," alisema. "Ule usingizi wa watoto, mtamu. Na mimi nilikuwa mtu wa shamba. Nilimwamsha kila siku alfajiri, miaka kumi na moja. Amka, kuna palizi. Amka, mvua inakuja. Akiamka hakuninung'unikia hata siku moja. Asubuhi ya mwisho nilimwita mara tatu kabla sijaelewa." Akapangusa kona ya jicho kwa ukucha. "Mbegu nimepata misimu yote ile, safi, hakuna aliyenikataa. Lakini yule bwana sikuwahi kumwacha alale. Hata alasiri moja."

Nilisogeza mkono wangu juu ya meza, nikauacha karibu na wake.

Akasimama ghafla, akajinyoosha, akawa tena Mama Mbegu wa viatu vya shamba.

"Sasa nisikilize, maana sirudii. Msimu ujao, siku nane za kukata mbelewele, sitaki kukuona shambani kwangu. Simu yako uizime, na akikupigia usipokee, hata akikuambia anakufa. Siku hizo nane ni zangu. Zikishapita," alisema, akifunga kifungo cha juu cha koti lake, "siku ya tisa, mwambie shangazi yako asitoke nyumbani."

Alimuaga Mkuu, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa, midomo wazi, ile picha mbele yangu, mpaka Mkuu alipoweka kalamu chini na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapandisha sauti.

"Wewe! Hujamjibu mama wa watu!"

Nilikimbia. Nilipita benchi la kusubiria, nikapita uani, koti jeupe linapepea, watu wananigeukia. Nilimfikia getini, pumzi zimeniishia, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili na kumwambia ndiyo, Mama.